Miguu ya Wakio

Kila asubuhi, kabla jua halijaanza kuuchoma mtaa wa Kaloleni mjini Voi, Mbinya alikuwa ameshateka maji, ameshafagia uwanja na ameshakunywa uji wake akiwa amesimama. Kisha alikaza kamba za raba zake na kukimbia hadi shuleni, mkoba ukimpigapiga mgongoni na vumbi jekundu likimfuata nyuma. Akina mama waliouza maandazi kando ya njia walimjua. "Mbio, Mbinya, mbio!" walimpigia kelele. Alijifanya hasikii, lakini moyoni alijaa furaha.

Hiyo ilikuwa kabla ya Wakio kuja.

Wakio alitoka Bura mwanzoni mwa muhula, akaja kuishi na shangazi yake Margaret, jirani ya akina Mbinya. Alikuwa msichana mwembamba, mpole, asiye na maneno mengi. Wote wawili walikuwa Gredi ya Nane. Siku ya kwanza ya mazoezi, Wakio alivua viatu akakimbia pekupeku, na walipofika kona ya mwisho Mbinya aliona kitu ambacho hakuwa amekizoea: mgongo wa msichana mwingine mbele yake.

Tangu siku hiyo wivu ulimwingia, ukakataa kutoka. Wanafunzi waliozoea kusema, "Mbinya ndiye moto," sasa walisema, "Wakio ndiye moto." Hata nyumbani hakuwa na pa kujificha. Jumapili moja Wakio aliwaletea mboga za mnavu na karoti kutoka shambani kwao. Mama yake Mbinya, Kasiva, alifurahi sana.

"Huyu mtoto ana adabu," alisema akipakua chakula. "Tena nasikia anakimbia kama swara!"

Mbinya aliisukuma sahani. "Mimi sili mnavu."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Mashindano ya kaunti ndogo yalipokaribia, Wakio alikimbia asubuhi na jioni bila kupumzika. Watatu wa kwanza wangekwenda Wundanyi kukimbia mashindano ya kaunti, naye alitaka sana kuwa mmoja wao. Lakini miguu yake ilianza kuwa mizito. Baada ya mazoezi alikaa chini akisugua mashavu ya miguu, na wakati mwingine msuli ulionekana ukirukaruka wenyewe chini ya ngozi. Mwalimu Teresia, aliyewafundisha sayansi na riadha, aliliona hilo. Mbinya naye aliliona.

Jumatatu ya wiki ya mashindano, Wakio hakuja shuleni. Alikuwa Bura kumjulia hali nyanya yake mgonjwa. Siku hiyo Mwalimu Teresia alifundisha kuhusu misuli.

"Ukitaka kukimbia, neva huleta amri kutoka kwenye ubongo," alisema. "Ndani ya kila seli ya msuli kuna vighala vidogo vyenye kalsiamu. Amri ikifika, milango ya vighala hufunguka, kalsiamu humwagika, na nyuzi za msuli huvutana. Kisha kalsiamu hurudishwa ghalani na msuli hulegea. Yote hayo ni kufumba na kufumbua."

Aliinua msumari uliokula kutu. "Kutu hii imetoka wapi?"

"Ni hewa na maji, Mwalimu," alijibu Nzuki kutoka nyuma.

"Vizuri. Oksijeni iliyo hewani ndiyo iliyobadilisha chuma hiki. Tunaita uoksidishaji. Msuli nao unahitaji oksijeni, lakini ukifanya kazi nyingi, kiasi kidogo cha oksijeni hugeuka kuwa chembe kali zinazoshambulia vilivyo karibu. Chembe chache ni nzuri. Zinauamsha mwili ujiimarishe, na hiyo ni sababu moja mazoezi hutujenga. Zikizidi, kwa kuwa mtu hapumziki, huiharibu ile milango. Haifungi sawasawa. Kalsiamu inavuja, msuli unakosa nguvu, hata uukemee vipi."

Darasa lilicheka. Mbinya aliinua mkono. "Na neva je, Mwalimu?"

"Swali zuri. Neva pia hutumia kalsiamu kupitisha ujumbe. Mambo yakivurugika huko, ujumbe haufiki vizuri. Dawa ni kupumzika, kulala vya kutosha na kula vizuri, mboga na matunda yakiwemo. Mwili wenyewe unajua kutengeneza milango yake, mradi tuupe nafasi."

Baada ya kipindi, mwalimu alimwita kando. "Mbinya, leo naenda semina Mombasa, na nitarudi siku ya mashindano. Shangazi yake Wakio hapatikani kwa simu. Wewe ni jirani yake. Mwambie asikimbie tena hadi Jumamosi. Mweleze tuliyojifunza leo, ataelewa."

"Sawa, Mwalimu."

Jioni ile Mbinya alikwenda kwa Shangazi Margaret akiwa na nia njema kabisa. Lakini alipoingia, alimkuta Wakio amesharudi kutoka Bura, ameketi mkekani, mapajani kwake kuna raba mpya za buluu zinazong'aa.

"Karibu, mwanangu!" alisema Shangazi Margaret. "Umeona? Watu wa kanisani wamemchangia. Wanasema lazima atuletee kombe!"

Mbinya alizitazama raba zake mwenyewe, zilizoshonwa na fundi mara nyingi hadi rangi ya uzi ikashinda rangi ya kiatu. Yeye alikuwa amekimbia Voi hii miaka yote, na hakuna aliyewahi kumchangia hata soksi.

"Mwalimu ameacha neno lolote?" aliuliza Wakio.

Mbinya alizitazama tena zile raba mpya. "Amesema tusilegee. Kila mtu aongeze bidii."

Wakio alishusha pumzi, akasugua mguu. "Kusema kweli nimechoka. Lakini kama Mwalimu amesema..."

"Ndivyo alivyosema."

Wiki ile yote, akiwa dirishani jikoni, Mbinya alimwona Wakio akikimbia kwenye njia ya Mwakingali kila jioni, na kila jioni alirudi akichechemea zaidi. Yeye mwenyewe alijilaza akisingizia kichwa kinamuuma. Kila mara alijiambia, "Nitamwambia kesho." Kesho ilifika, akakumbuka zile raba za buluu, akanyamaza.

Jumamosi uwanja ulijaa watu. Katika mbio za mita elfu moja na mia tano Wakio aliongoza tangu mwanzo. Mzunguko wa mwisho ulipoanza, mguu wake wa kulia ulimsaliti. Alipepesuka, akashika shavu la mguu na kuanguka. Mbinya alimpita karibu kiasi cha kusikia kilio chake, na hakugeuka. Alikuwa wa kwanza kukata utepe. Watu walimshangilia kama zamani. Alijaribu kutabasamu, lakini uso wake ulikuwa mgumu kama si wake.

Mwalimu Teresia alikuwa amepiga magoti kando ya Wakio, pamoja na mhudumu wa huduma ya kwanza.

"Msuli umechanika kidogo," alisema mhudumu. "Ni lazima apelekwe hospitali."

"Wakio, kwani hukupumzika nilivyokuagiza?" aliuliza mwalimu.

"Ulisema tuongeze bidii, Mwalimu."

Mwalimu aligeuka polepole. "Mbinya?"

"Nilimwambia," alisema Mbinya. "Labda alisahau."

Wakio alimkazia macho. Machozi yalimtiririka.

Nyumbani, mama alikuwa amepika chapati na kuku. "Kula, bingwa wangu," alisema. "Ukimaliza, mpelekee Wakio hizi mbili. Maskini mtoto wa watu."

Mbinya alimega chapati, akairudisha sahanini. Akaangua kilio, na katikati ya kwikwi akasema yote. Kasiva aliepua sufuria kwenye jiko. Hakupiga kelele.

"Vaa viatu," alisema. "Twende."

Walimkuta Wakio ameshatoka hospitali, mguu umefungwa bandeji. Mwalimu Teresia alikuwa ameketi karibu naye. Mbinya alisimama mlangoni.

"Mwalimu aliniambia nikueleze upumzike," alianza. "Alisema... alisema msuli usipopumzika, milango ya kalsiamu haifungi. Inavuja. Ndiyo maana ulikuwa umechoka. Nilijua, Wakio. Nilijua, na nikakudanganya, kwa sababu ya zile raba na kwa sababu unanishinda."

"Mimi nilidhani wewe ndiye rafiki yangu hapa Voi," alisema Wakio. Kisha akageukia ukuta. "Leo sitaki kukuona."

"Nafasi yako ya kwenda Wundanyi ataichukua Nthenya, aliyemaliza wa nne," alisema Mwalimu Teresia. Mbinya aliitikia kwa kichwa. Hakuomba apunguziwe.

Wiki zilizofuata, alimpitia Wakio kila asubuhi na kumbebea mkoba hadi shuleni. Hakuna aliyemtuma. Mwanzoni Wakio alitembea kimya, akijikongoja na gongo lake. Halafu siku moja, walipokuwa wakisubiri kuvuka barabara, akasema, "Hebu nieleze tena ile kalsiamu. Siku ile ulikuwa unalia, sikuelewa." Mbinya alieleza hadi langoni. Wakio alicheka aliposikia habari ya kuukemea msuli.

Daktari alipomruhusu kukimbia tena, Mwalimu Teresia aliwaita wote wawili uwanjani.

"Kuona wivu si ajabu," alisema. "Hata mimi huuona. Lakini Mbinya, uliuacha ukushike ulimi wakati mwenzako alihitaji ukweli, na aliyeumia ni yeye. Ukishindwa, kimbia vizuri zaidi, usimvunje anayekushinda. Nawe Wakio, bidii bila mapumziko inabomoa. Mguu ukikulalamikia, usingoje ruhusa ya mtu. Sema. Haya, mzunguko mmoja tu, polepole."

Waliondoka sambamba. Walipofika upande wa pili wa uwanja, Wakio alipunguza mwendo.

"Mguu umechoka," alisema.

"Basi tupumzike," alijibu Mbinya, na wakaketi pamoja kwenye nyasi kavu, wakiwatazama wenzao wakikimbia.