Pa Kukaa Mayige

Treni ya kutoka Dar iliingia Malampaka saa tatu asubuhi, na kabla haijasimama sawasawa watu walikuwa wameshaanza kupitisha mizigo madirishani. Katikati ya wauza mayai ya kuchemsha, magunia ya mchele na marobota ya pamba yaliyopangwa kando ya reli, alishuka Specioza, majora manne ya vitambaa miguuni pake na futi ya kushonea ikining'inia shingoni. Gauni lake la kitenge cha bluu lilimkaa vizuri kiunoni, ingawa lilikuwa limelala kwenye treni siku mbili.

Jora moja likamponyoka. Likabingirika mpaka kwenye viatu vya mwanaume mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, aliyekuwa akikagua pamba juani. Mwanaume yule akaliokota, akafunua ncha yake, akakunja uso.

"Dada, hiki uliuziwa kama cheupe?"

"Ni cheupe. Kwani wewe unaona rangi gani?"

"Mimi naona fifi."

"Usinifundishe fifi! Baba yangu analima pamba Nkoma."

"Basi angekwambia mwenyewe. Ulinunua jioni, dukani, kwenye taa. Sivyo?"

Ndivyo ilivyokuwa. Specioza alikivuta kitambaa juani, na kweli, kilikuwa na umanjano wa maji ya mtoni. Alikasirika, halafu akacheka.

Mwanaume yule aliitwa Mayige. Kazi yake ilikuwa kupanga madaraja ya pamba kwa tajiri Ngeleja wa Bariadi: kuangalia fungu moja baada ya jingine na kusema hii safi, hii fifi, yaani ya daraja la chini, iliyoingia umanjano. Na Specioza alikuwa anakwenda kwa Ngeleja huyo huyo, kutengeneza nyumba yake mpya ndani.

"Panda gari," alisema Mayige. "Tajiri wetu ni mmoja. Ila hicho kitambaa kaa nacho wewe, kisinichafulie jina."

Ngeleja alikuwa mmoja wa wale waliotajirika haraka pamba ilipoachiwa watu binafsi. Alijenga nyumba ya vyumba sita yenye vigae, akanunua makochi mekundu yaliyokuja kwa meli, halafu yeye na watu wake wote wakaendelea kukaa jikoni, uani. Hakujua kwa nini. Alimwita Specioza aweke mapazia.

Specioza hakupima dirisha hata moja kwa siku tatu. Alikaa tu, akitazama na kuuliza. Mnakula wapi? Mama akija anakaa wapi? Wageni wa msiba mnawaweka wapi?

"Mayu," Ngeleja alimwita kwa Kisukuma, kama kusema mama, amechoka, "nimekuita upambe nyumba. Hii ni sensa?"

Siku ya nne Specioza akamwita fundi seremala, akaamuru miguu ya makochi ikatwe. Ngeleja alishika kichwa. Lakini jioni ile mama yake, bibi wa miaka sabini ambaye hakuwahi kukubali kuketi pale kwa kuwa miguu yake ilibaki ikielea, aliingia sebuleni, akaketi, akakanyaga sakafu, akashukuru, "Wabeja." Tangu siku ile watu walihamia ndani.

Mayige alikuwa mlangoni akishuhudia.

"Kwa hiyo ulisoma Nairobi miaka miwili ili ukate miguu ya makochi?"

"Watu wanadhani kazi yangu ni mapazia. Kazi yangu ni kujua mtu anaishije, halafu nyumba imkubali."

"Na mimi naishije?"

"Wewe huishi popote. Unasimama milangoni kama mtu wa kodi."

"Basi nitafutie pa kukaa."

Alisema hivyo kwa utani, lakini macho yake hayakuwa ya utani. Miezi mitano baadaye walikuwa wachumba. Ngeleja alimpa Mayige nyumba ya wafanyakazi kule Sima, vyumba viwili na sebule, na Specioza akaitengeneza kama mtu anayejitengenezea mwenyewe: kuta za kijani cha jani changa, zulia, meza ya kioo, stuli fupi za ngozi ya ng'ombe. Wakapanga kufunga ndoa baada ya Pasaka.

Kisha ikaja kazi ya Mwanza, hoteli nzima, miezi sita. Kila Ijumaa saa nne Mayige alikwenda posta kungojea simu yake.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula ugali na njaa ya kukuona. Spe, barua yako sikuisoma yote. Wino wenu wa Mwanza umepauka sana."

"Wino haujapauka. Sema shule ulikimbia."

Walicheka wote wawili. Ijumaa mbili baadaye, karani wa posta alimwambia Specioza kwamba Mayige hakuja. Ijumaa iliyofuata pia. Mwezi ukapita. Ndipo dereva mmoja wa lori, mtu wa Bariadi, alipomwambia bila kujua anachokisema, "Mayige? Nimemwona sokoni juzi amemshika mwanamke mkono, mchana kweupe, wanapita kwenye nyanya. Mapenzi ya siku hizi!"

Kwao mwanaume hamshiki mkono hata mke wake sokoni. Specioza hakulala. Asubuhi aliandika mstari mmoja, akampa dereva yule aupeleke: *Nyumba mpe huyo uliyemshika mkono.*

Jibu halikuja. Mvua kubwa za mwaka ule zilikata madaraja, magari yakakwama Maswa, naye akajiambia kwamba kimya ndicho jibu.

Alirudi Bariadi mwezi wa tatu, amekonda, kuchukua vitu vyake tu. Mlango ulifunguliwa na Salu, dada yake Mayige.

"Wifi," alisema Salu, machozi yakimtoka hapo hapo. "Barua yako nilimsomea mimi. Na ule mkono ulioshikwa sokoni ulikuwa wangu, nilikuwa namwongoza."

Mayige alikuwa ameketi kitandani, shati jeupe limefungwa vifungo vibaya. Macho yake yalikuwa wazi na mazuri kama zamani, yakitazama pembeni kidogo ya pale aliposimama Specioza.

"Mwangaluka, Spe," alimsalimia, ya asubuhi. "Umebadilisha sabuni."

"Tangu lini huoni?"

"Siku zile za simu nilikuwa naona kama mtu anayechungulia bombani. Presha ya macho, walisema. Nilichelewa. Ngeleja alipata hasara ya lori zima; niliita fifi safi."

"Walisema wapi?"

"Mwanza. Nililazwa wiki mbili."

"Mwanza! Mayige, mimi nilikuwa Mwanza! Ungetuma mtu, ningefika kwa miguu!"

"Ndiyo maana sikutuma. Wewe ni mtu wa kuangalia vitu. Ungekuja kuangalia nini?"

Specioza alimpiga kifuani kwa ngumi mbili, kisha akalala pale pale kifuani, wakalia.

Hakuchukua vitu vyake. Kesho yake alijifunga kitambaa machoni, akatembea katika nyumba aliyoitengeneza yeye. Meza ya kioo ilimkata ugoko. Stuli ilimwangusha. Zulia lilimkunjia mguu, na mlango aliouona mzuri sana ulifungukia usoni pake. Alikaa sakafuni gizani mwa kitambaa kile, akaelewa kwamba miezi yote ile Mayige alikuwa akipigwa na nyumba yake. Alama zilikuwa miguuni mwa Mayige. Alikuwa ameziona, hakuuliza.

Alitoa kila kitu. Alipigilia fito laini ukutani kutoka kitandani mpaka choo cha uani, akaweka mafundo ya kamba palipo na kona. Alipanga vyombo jikoni kwa uzito. Baada ya wiki mbili Mayige alichemsha chai mwenyewe, akamletea bila kumwaga.

"Tufunge ndoa," Specioza alisema.

"Kunywa chai."

"Nimesema tufunge ndoa."

"Nimesikia, kipenzi. Kunywa."

Siku ya Jumamosi Ngeleja alikuja. Alivua kofia, akasalimia vizuri, akazungukazunguka katika maneno. Kampuni kubwa kutoka nje zilikuwa zimeingia Bariadi, zinampokonya wakulima. Amepata mpangaji madaraja mpya, mwenye mke na watoto, na nyumba ndiyo hii. Bujiku, kaka yake Mayige, ameshapelekewa habari Mwanhuzi, aje kumchukua ndugu yake.

"Halafu, mayu," alimwambia Specioza kwa upole wa kweli, "huyo bwana anahamia mwisho wa mwezi. Hizo fito ukutani... utamtolea? Nitakulipa kazi yako."

Specioza alizing'oa mwenyewe. Hakutaka fundi azikamate.

Walipofika Mwanhuzi na lori la Bujiku ilikuwa asubuhi. Kaya ilikuwa wazi na pana: nyumba nne mbalimbali, zizi, ghala, hakuna ukuta wa kufuata. Ng'ombe walipita popote walipotaka. Specioza alitoa kamba alizokuja nazo, Bujiku akatikisa kichwa.

"Shemeji, hizo zitakatwa kabla ya jioni."

"Mimi nitabaki," alisema Specioza. "Nitazifunga tena."

Mayige akamgeukia. "Utabaki ufanye nini hapa? Upake rangi zizi? Miaka mitano utakuwa unanichukia, na mimi nitakuwa naisikia chuki kwenye hatua zako, maana masikio ndiyo yaliyobaki. Sitaki, Spe. Nisikusikie hivyo."

"Na nikikupenda?"

"Unanipenda. Ndiyo maana naomba kitu kimoja. Nitafutie mahali pamoja. Pamoja tu. Halafu uende lori likirudi."

Alitaka kukataa. Alimtazama Bujiku, akamtazama Salu, wote waliinama. Akaanza kazi.

Siku nzima alihama na kigoda. Aliketi hapa, akafumba macho, akanyanyuka, akaketi pale. Karibu na zizi palikuwa na joto na nzi. Mlangoni kwa Bujiku watu walipita wakimruka mtu. Mwishowe alipapata: upande wa mashariki wa ghala. Jua la asubuhi lingempata kifuani akikaa ameegemea ukuta, na mchana ukuta ungempa kivuli. Sauti za wanawake jikoni zilifika, na za ng'ombe wakitoka kunywa maji, lakini hakuna kwato zilizopita. Alisawazisha udongo kwa jembe, akachimbia kigoda miguu isitikisike, akapima urefu wake mara mbili kwa futi.

Akamshika Mayige mkono mbele ya watu wote, akamleta, akamketisha.

Mayige alinyoosha miguu. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Panafaa," alisema.

Lori likapiga honi. Specioza alimfungua vifungo vya shati, akavifunga upya kimoja kimoja katika matundu yake, akaenda. Garini Bujiku alimuuliza kama ana kazi nyingine inayomsubiri Bariadi, akajibu kwamba ipo, nyumba ile ya Sima ya mpangaji madaraja mpya, na kwamba mke wa bwana huyo ameomba mapazia.