Kompyuta Iliyopumzika Jumapili

Wewe unayesoma, usijifanye huhusiki. Tangazo lile la masasisho limekutokea kwenye kioo cha simu, nawe umelifuta kama anayefukuza nzi. Basi sikia yaliyomfika mwenzako huko Tonga.

Kila Jumamosi jioni, kabla ya kwenda kuchuma majani ya magimbi ya mlo wa kesho, Kalolaine alipita shuleni kuzima kompyuta. Alikuwa darasa la saba, naye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Jumapili kijijini kwao halimi mtu, havui mtu. Mashine nayo ipumzike.

"Kumbe kompyuta yako imeokoka," Viliami, mwanafunzi mwenzake, alimchokoza. "Inabatizwa lini?"

"Baada yako wewe uliyekoroma ibada nzima."

Ndani ya kompyuta hiyo darasa lilihifadhi sauti za wazee wakisimulia siku bahari ilipovamia kijiji. Ya babu yake Kalolaine ilikuwamo. Babu alizikwa mwezi Machi.

Kila Jumatatu akiiwasha, maneno yalikuwa yaleyale: mfumo endeshi unahitaji masasisho ya usalama, sasa au baadaye? Kalolaine alibonyeza "baadaye". Mwalimu mkuu aliyaona, akatazama saa yake. Katibu wa kamati ya wazazi aliyaona, akauliza tu kama barua yake imechapwa. Wote walikuwa na macho. Wiki kumi na tisa.

Jumanne moja mafaili yote yakagoma kufunguka. Kirusi kilikuwa kimepenya kwenye tundu la mfumo ambalo kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, kilitolewa miezi minne nyuma. Flashi ya akiba, yenye nakala za sauti hizo, iliyoachwa imechomekwa humohumo, nayo ikaliwa.

Mwalimu Siosaia, anayefundisha kompyuta, aliikagua akikuna kichwa. "Niliipanga ijisasishe Jumapili, mtandao ukiwa hauna watu. Mbona haijafanya hata mara moja?"

"Jumapili huwa nimeizima, mwalimu."

Mwalimu aliichomoa flashi, akaiweka mezani.

"Na sauti ya babu?" Kalolaine aliuliza.

"Imekwenda, mwanangu."

Waliifuta mashine, wakaweka mfumo upya na viraka vyake vyote. Siku ya masasisho ikahamia Jumatano, flashi ikafungiwa kabatini. Kisha wakaenda kurekodi tena. Kati ya wazee kumi na mmoja waliorekodiwa mwanzo, saba ndio waliokuwa hai.

"Nitasimulia yangu," bibi yake Kalolaine alisema, bila kumtazama. "Babu yako aliwapa yake, mkayaweka kwenye nyumba isiyo na mlango."

Waliporudi shuleni, Mwalimu Siosaia alisimama mbele ya darasa. "Mimi nilipanga siku bila kumuuliza anayezima. Kalolaine aliahirisha, wakubwa wakaangalia kando. Ufa tuliuona sote. Kiraka hutiwa siku kinapotolewa, maana mwizi naye huliona tundu siku hiyohiyo."

Kalolaine aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemcheka, hata Viliami.

Na wewe? Kompyuta ya shule yenu, simu ya mama yako, zinangoja tangu lini? Funga kitabu hiki. Mwite mwalimu, mwite mama, msimame hapo mpaka kitufe cha "sasa" kibonyezwe.