Wanaoletwa Mmoja Mmoja

Kikohozi kilitoka koridoni saa tisa alasiri, mara tu Ludovick alipobonyeza kitufe na jina la kwanza likatokea kwenye kioo cha kompyuta pale masjala: Abdulsalam, fundi mitambo. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyevuta vumbi la sufu miaka mingi. Zakia, mpiga chapa, aliinua kichwa. Ludovick hakuinua. Yeye na mambo ya korido wapi na wapi?

Huyu Ludovick alikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi tisa na dharau ya kutosha mkoa mzima. Mwekezaji aliponunua kile kiwanda cha mablanketi, mwaka tisini na sita, alimleta aingize majalada yote ya masjala kwenye mashine, kisha atoe orodha ya watakaopunguzwa kazi. Makarani aliwaita panya wa karatasi. Mama Hafidha, aliyetunza masjala miaka ishirini na mbili, hata shikamoo hakumpa. Mama huyo alipomwonyesha majalada ya waliokufa, yaliyofungwa uzi mweusi na kuwekwa rafu yao, akamwambia, "Mwanangu, hawa hawaitwi kwa jina tupu. Sema kwanza marehemu," Ludovick alicheka mpaka miwani ikamshuka. Alikata nyuzi zote, akawachanganya wafu na wazima, na sehemu ya kuonyesha nani amekufa akaifuta, eti inajaza diski.

Kazini alijitangaza mtoto wa mwalimu mkuu wa Marangu. Hata mkewe, Anande, alijua hivyo. Kumbe baba yake, mzee Philemoni, alisafisha vyoo vya kiwanda hichohicho mpaka kifo, na mazishini Ludovick hakuonekana. Jina la ukoo alishalibadilisha zamani. Mtu mzima ovyo, anamwonea haya mzee aliyemsomesha kwa ufagio!

"Hii haileti wote kwa mkupuo," alimweleza Zakia, kama anayemfundisha mbuzi. "Nimeiuliza: niletee wafanyakazi wote, kwa alfabeti. Imeshawatafuta, imeweka alama juu ya wa kwanza. Nikibonyeza, inakwenda kumleta huyo mmoja, alama inashuka kwa anayefuata. Hivyo hivyo mpaka waishe, au nilifunge swali."

"Na anayekwenda kuwaleta ni nani?"

"Maswali ya kijinga hayo."

Akabonyeza. Majina ya wazima yalipita kimya. Lilipofika la Athumani, viatu vya mpira viliburuzwa koridoni, vikasimama mlangoni karibu na kile kikohozi, na harufu ya sufu mbichi ikaingia. Athumani walimzika mwaka juzi kule Olasiti. Zakia mwenyewe alipika msibani.

Ludovick aliondoa kidole. Majina yakaendelea kushuka yenyewe, Dismasi, kisha Lekishon, na kila jina la marehemu lilileta nyayo zake, na nyayo zikajipanga mlangoni kwa foleni, na alipoichomoa waya ile mashine, kioo kikazimika lakini nyayo hazikuzimika, maana anayezileta hakukaa ndani ya kompyuta hata siku moja.

Zakia alitoka mbio kupitia dirishani, akarudi na Mama Hafidha na makarani wawili.

"Ni jini la masjala," Mama Hafidha alinong'ona. "Limo humu tangu zamani, kazi yake kuleta linachoagizwa. Uliyeita ndiye urudishe. Mwambie kila mmoja ukweli: marehemu fulani, nilikosea kukuita. Kama unamjua, sema ni nani wako. Kama humjui, sema humjui."

Bingwa wetu, jasho likimtiririka, akausogelea mlango. "Marehemu Abdulsalam, sikujui. Nilikosea kukuita." Kikohozi kikaondoka. Athumani akaondoka, na Dismasi, na Lekishon. Ludovick akaanza kupumua, kisha akakumbuka alfabeti.

Ufagio ulikuja ukikwaruza sakafu polepole, na harufu ya dawa ya choo, ileile iliyokuwa ikiingia na baba yake nyumbani kila jioni, ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka. Ulisimama mlangoni. Makarani walikuwa wakimtazama. Zakia alikuwa akimtazama.

"Huyu ni nani?" Mama Hafidha aliuliza taratibu.

Neno moja tu, baba, lingemaliza kila kitu.

"Marehemu Philemoni," alisema Ludovick, "sikujui."

Ufagio haukurudi ulikotoka kama wale wengine. Ulimsubiri kidogo, kisha ukakwaruza kuelekea getini.

"Yule umemdanganya," Mama Hafidha alisema, akajitanda khanga na kuondoka bila kuaga.

Magharibi Ludovick alifika kwake Moshono. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mistari imenyooka hadi kizingitini. Anande alimpokea mkoba kwa uso uliokunjamana.

"Ludo, mimi ulinidanganya kwa faida gani? Nimempa baba chai, hataki. Kiti, hataki. Anasema haondoki mpaka wewe uliyemwita umpokee."