Kigong'ota wa Lanet

Siku Nyakio alipoingia studio ya Kipruto, vumbi la Nakuru lilikuwa limeamka vibaya. Pale karibu na soko la Wakulima mbwa mmoja alibweka mara mbili akatema tofali. Tofali lenyewe halikupatikana, lakini mbwa yupo, na mpaka leo hubweka kwa adabu.

Nyakio alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mkanda mweupe, na nywele zake zilikuwa zimesukwa upya hata paji la uso linang'aa. Alipita katikati ya mikokoteni ya viazi na bodaboda, akajipangusa uso kwa leso, akasimama mlangoni.

"Sasa. Nataka picha ya pasipoti."

"Poa. Keti hapo, madam. Masikio yaonekane. Miwani hapana. Kucheka hapana."

"Kucheka kwa nini hapana?"

"Ni sheria. Huko ng'ambo hawataki mtu anayefurahi kabla hajafika."

Nyakio akacheka. Kipruto, kijana mrefu mwenye sauti ya upole, akangoja, akainua kamera. Akacheka tena.

"Madam, fikiria jambo la huzuni. Fikiria viazi vimeoza shambani."

"Vyetu ama vya jirani?"

Sasa mpiga picha naye alikuwa anacheka, kamera inatikisika. Foleni ilikuwa imefika nje.

"Boss," mzee mmoja akaita, "huyo anapigwa picha ama anaposwa?"

Picha ilipatikana mwishowe, lakini ile iliyoharibika kuliko zote, macho yamefumbwa na meno yote nje, Kipruto hakuifuta; aliichapa, akaiweka mfukoni. Alimpigia simu jioni hiyo hiyo, eti kumuuliza kama picha zilikuwa sawa.

"Picha ni picha," Nyakio akamjibu. "Sema unachotaka."

"Nataka nikununulie chai."

"Chai pekee? Mimi ni msichana wa Dundori. Kwetu chai haiji bila kitu cha kutafuna."

Wakapendana. Jumapili walipanda Menengai, wakakaa ukingoni mwa shimo la volkeno kula mahindi ya kuchoma huku upepo ukimvuruga Nyakio nywele. Yeye alikuwa anasomea kazi ya kutunza wazee, maana Uingereza ilikuwa inawataka watunzaji kama shamba linavyotaka mvua. Mwaka haukuisha kabla nyumba moja ya wazee huko haijamkubali.

"Ukiwa mume wangu kwa cheti, unakuja na mimi," alimwambia. "Wazungu hawapigi picha za pasipoti?"

"Wanapiga. Wao hata hawana haja ya kukatazwa kucheka."

Kisha Desemba ikaleta habari. Uingereza ilitangaza kwamba kuanzia mwaka unaofuata mtunza wazee hataruhusiwa kwenda na mume wala mtoto. Nyakio alilala na simu mkononi, akisoma sheria ilivyobadilika na itakavyobadilika tena.

"Kip, tuandikishe ndoa sasa. Wazee watakuja baadaye."

"Nikuchukue kama kuku wa kuokota? Baba yako atanionaje?"

"Atakuona Uingereza, kwa simu, ukiwa na mimi."

"Babe, Januari tu. Wazee wangu waje waombe, Jumatatu yake tuko ofisini. Naapa."

Nyakio akakubali, kwa sababu naye, ndani ya moyo, alitaka kuimbiwa langoni kama dada zake.

Jumamosi ya posa ilifika. Marehemu baba yake Kipruto alikuwa na kaka mkubwa, mzee Kosgei wa Rongai, mwimbaji wa kwaya, mtu wa koti jeusi na kofia ambayo hata kimbunga kingeomba ruhusa kabla ya kuigusa. Ndiye aliyeongoza. Wazee walipanda gari la kukodi na vibuyu vyao vya mursik, maziwa mgando ya Wakalenjin, wakaimba nyimbo za kanisa mpaka wakaipita Lanet. Penye mikaratusi mmoja akaomba kushuka ajisaidie. Gari likasimama, injini ikanyamaza, na upande wa kushoto ndege akalia, kisha akagonga mti: ko-ko-ko-ko.

Nyuso za wazee zilianguka zote pamoja.

"Mmesikia?" Kosgei akauliza.

"Mzee, ni ndege tu," Kipruto akasema.

"Ni kigong'ota. Na yuko kushoto. Babu yangu alimsikia hivi hivi akienda kuposa, akaendelea. Huyo bibi alikufa na mtoto tumboni. Geuza gari."

"Mzee, wewe umeokoka!"

"Mimi nimeokoka, kijana wangu. Ndege hajaokoka. Tutarudi mwezi mwingine ukiandama."

Kijana haendi kuposa peke yake, na hawatukani waliomlea. Gari likageuka.

Huko Dundori hema lilikuwa limesimama. Mukimo ya viazi na mahindi ilikuwa imepondwa, mbuzi amechomwa, na akina mama walikuwa langoni na wimbo tayari mdomoni. Simu ya Kipruto ikalia.

"Mpenzi, mko wapi? Mukimo inapoa."

Kipruto aliangalia barabara ikirudi nyuma. Angewezaje, yeye mtu wa mjini, mtu wa kamera, kumwambia msichana aliyesoma kwamba ni ndege?

"Gari limeharibika, babe. Hapa Lanet."

"Nimtume Muiruri na trakta awavute?"

"Hapana, hapana! Limeharibika sana."

Muiruri, kaka yake Nyakio, alikuwa mtu wa msaada. Alienda na trakta hata hivyo. Akawakuta wazee Lanet wamesimama kununua ndizi, kisha wakateremka kwa kasi kurudi mjini, vioo wazi, mmoja akitafuna. Aliporudi, akina mama walikuwa bado wamesimama langoni.

"Gari ni zima," alimwambia dada yake. "Wamegeuka wenyewe. Nyakio, hawataki msichana wa Kikuyu."

Usiku huo Nyakio hakumwita Kip, wala mpenzi.

"Kipruto, niambie ukweli."

"Wazee waliona... waliona wasije leo."

"Kwa sababu yangu?"

Kipruto alipaswa kusema hapana. Aliitafuta njia ya kusema hapana bila kumtaja ndege, na alipokuwa bado anaitafuta, simu ikakatika. Alipopiga tena, Nyakio alikuwa ameifungia namba yake.

Februari ikapita hivyo. Nyakio alikuwa na barua ya mwajiri na fomu ya viza tayari kwenye simu. Kila alipofika penye swali kama ameolewa, aliiweka chini. Alimkasirikia Kipruto, lakini bado alikuwa anasikiliza kama kuna gari linalopanda. Machi sheria ikaanza kufanya kazi. Siku chache baadaye Kipruto alitokea Dundori kwenye mvua, suruali imejaa matope mpaka magoti. Akamkuta ghalani, amevaa gambuti na sweta ya mama yake, anachagua viazi vya mbegu.

"Leo gari ni zima?" akamuuliza bila kuinua macho.

"Nimekuja kwa miguu kutoka barabarani. Nyakio, alikuwa ni kigong'ota."

"Nini?"

"Ndege. Alilia kushoto, pale kwa mikaratusi. Wazee wakaogopa, wakageuka. Nikaona aibu kukuambia. Ni hiyo tu. Hakuna mtu aliyekukataa. Mzee Kosgei anakuulizia kila siku."

Nyakio akainua macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya gunia, na mle mle ndani ya kicheko machozi yakaanza, na Kipruto hakujua ni lini kimoja kiliisha.

"Ungeniambia siku ile, Kip, ningekuja mwenyewe Lanet kumfukuza kwa mawe."

"Twende tuandikishe kesho."

"Mlango wako ulifungwa Jumatatu. Fomu yangu sikuituma. Nilikuwa nangoja gari lako."

Akapiga magoti palepale kwenye maganda na udongo, akamshika mikono. "Basi usiende."

"Na mwaka ujao wakifunga mlango wangu pia? Mama anazeeka, Kip. Mikono hii unayoshika itachagua viazi mpaka lini?"

Kipruto akaigeuza mikono hiyo, akaipangusa udongo.

Wazee walifika Dundori mwezi huohuo. Walifunga vioo vyote, redio ikapaza nyimbo za injili mpaka ng'ombe wa Lanet wakaokoka, na mzee Kosgei alikuwa ameziba masikio kwa pamba. Akina mama wakaimba. Mzee akamshika Nyakio mkono mbele ya watu wote, pamba bado masikioni, akasema kwa sauti ya juu mno, "Binti yangu, mimi ndiye niliyekufungia mlango. Nisamehe." Mwezi uliofuata Nyakio akapanda ndege peke yake.

Kipruto hakukaa bure. Aliyekatazwa kwenda kama mume aliamua kwenda kama mfanyakazi. Akajiunga na darasa la kutunza wazee, yeye mwanaume pekee, akafanya mazoezi kwa Kosgei.

"Babe, leo nimemwogesha mzee."

"Kwa hiari yake?"

"Kofia amekataa kuvua. Nimeosha kuizunguka."

Nyakio alicheka kwenye simu, chumbani mwake, ambako Julai ya mwaka uliofuata ilikuwa baridi kama ya Dundori. Halafu akashusha sauti.

"Kip. Umesoma habari?"

"Bado. Nini?"

"Wamefunga. Watunzaji kutoka nje hawachukuliwi tena. Waliomo ndani wabaki, lakini wapya, hapana."



"Nilibakisha mtihani mmoja," Kipruto akasema.

"Ufanye, mpenzi. Mzee Kosgei anakuhitaji."

Nyakio alirudi nyumbani kwa likizo Desemba, mwembamba zaidi, koti la kijivu mkononi, akiongea polepole kama mtu aliyezoea kurudia maneno. Walikuwa wameamua kuandikisha ndoa hata hivyo. Cheti hakikufungua mlango wowote sasa. Baada ya likizo yeye angerudi kwa wazee wake wa huko, na Kipruto angebaki na wake.

Ofisi ya ndoa ilitaka picha. Akaketi kwenye kiti kilekile, gauni lilelile la kijani limemlegea kiunoni.

"Masikio yaonekane," Kipruto akasema. "Miwani hapana. Kucheka ruhusa. Hii ni ya ndoa."

Nyakio akajaribu. Midomo ilisogea, macho yakakataa.

"Fikiria viazi vimeoza kwa jirani," akambembeleza.

"Kip, piga tu."

Akashusha kamera. Akazunguka mpaka upande wa kulia wa kiti, akainama sikioni pake, akagonga mbao kwa kidole: ko-ko-ko-ko.

"Kulia," akamnong'oneza. "Umesikia? Kulia."

Kicheko kikamtoka Nyakio kama zamani, kichwa nyuma, meno yote nje, na machozi yakafuata njia yake mpaka kidevuni. Kipruto akairukia kamera akapiga.

Karani wa ndoa aliirudisha picha hiyo: bibi arusi amefumba macho. Kipruto akaitia mfukoni pamoja na ile ya kwanza, wakarudi studio kupiga nyingine.

Hiyo ilikubaliwa mara moja. Hakuna aliyecheka.