Macho Mawili kwa Kila Tawi

Asubuhi nyumbani kwa Mama Pacha huanza kwa kelele. Pacha mmoja hataki kunawa uso. Mwingine kaficha kiatu cha mwenzake. Kwenye karakana kando ya nyumba, msumeno wa Baba Pacha unanguruma. Yeye ni seremala. Nyuma ya nyumba kuna mistari mitatu ya mizabibu iliyotambaa juu ya waya. Mama Pacha hupita hapo kabla hata hajanywa chai.

Mistari miwili ya mbele ni ya zabibu nyeusi. Mstari wa mwisho ni wa zabibu nyeupe. Huo aliupanda kwa vipande vya matawi alivyopewa na mama yake, na mama yake sasa ni marehemu.

Mizabibu ile ilikuwa na majani, weee! Ilifunika waya, ikafunika ukuta, ikachungulia dirishani. Lakini zabibu? Msimu uliopita walipata vichala vichache tu, tena vyenye ukungu.

"Mke wangu, hiki ni kichaka," Baba Pacha alisema. "Msimu huu kisipozaa, nang'oa, napanda viazi."

"Ung'oe mizabibu ya mama yangu?"

"Mama mkwe nilimpenda. Lakini watoto hawali majani."

Mama Pacha akamwomba Bibi Shamba, afisa kilimo wa eneo lao, aje aitazame. Kabla Bibi Shamba hajafika, mdogo wake Mama Pacha akajifungua. Ikabidi Mama Pacha aende kumhudumia.

Siku aliyorudi, hakuingia ndani. Alizunguka moja kwa moja nyuma ya nyumba, mkoba ukiwa begani. Akasimama. Mkoba ukaanguka.

Kichaka hakipo! Palibaki mashina, na vijiti vifupi vifupi juu ya waya. Ukuta ulikuwa mtupu. Matawi yalirundikwa kando kama kuni.

"Baba Pacha!"

Sauti ile ilimtoa mumewe karakanani mbio, penseli ikiwa sikioni.

"Umengoja niondoke! Umeua mizabibu ya mama!"

"Tulia, mke wangu. Nimepogoa."

"Umepogoa nini? Umenyoa!"

"Bibi Shamba mwenyewe kaja. Kasema kila tawi niliachie macho mawili, yanayozidi nikate."

"Macho? Tangu lini mti una macho?"

"Hata mimi nilishangaa. Nilidhani anataka mtu wa kuilinda. Nikavuta kiti, nikakaa hapa naikodolea macho, mpaka akaniuliza naangalia nini."

Siku nyingine Mama Pacha angecheka. Siku hiyo hakucheka. Alisogea, akagusa ncha ya tawi lililokatwa. Vidole vikalowa. Tone la maji likadondoka, likafuata jingine. Akatazama mstari mzima. Kila palipokatwa palikuwa panadondoka.

"Inalia," alinong'ona. "Mungu wangu, inalia!"

Baba Pacha akainama kutazama. Hilo hakuambiwa.

Mama Pacha akachana shuka kuukuu. Akakanda udongo. Mpaka jua linazama alikuwa akipaka majeraha udongo na kuyafunga vitambaa, mche mmoja baada ya mwingine.

Kesho yake Bibi Shamba akapita. Ni mama mwenye buti za mpira na sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alipofika nyuma ya nyumba, akashika kiuno.

"Jamani! Hili ni shamba au wodi ya majeruhi?"

"Usinitanie, dada," Mama Pacha alisema. "Mizabibu yangu inakufa. Inatoa machozi."

"Mti uliokufa utatoa wapi maji? Haya yanapandishwa na mizizi. Mizizi imeamka! Matone yatakoma yenyewe. Fungua vitambaa hivi. Unyevu ukikaa chini yake, tawi litaoza."

"Sasa kwa nini kukata yote yale?"

Bibi Shamba akaokota tawi kwenye rundo. "Zabibu hutoka kwenye chipukizi jipya. Na chipukizi zuri huota kwenye tawi la msimu uliopita. Ukiacha matawi yote, nguvu yote inaishia kwenye majani. Hewa haipiti, jua haliingii, ukungu unahamia. Unaona kinundu hiki, hapa jani lilipokuwa limeshika? Hilo ndilo jicho. Humo ndani limelala chipukizi, pamoja na vichala vyake."

Mama Pacha akalileta tawi karibu na uso. "Vichala? Humu?"

"Humo humo."

Wakaanza kufungua vitambaa pamoja. Mistari ya mbele ilikuwa sawa. Kwenye mstari wa nyeupe, Bibi Shamba alifungua kitambaa cha kwanza. Akafungua cha pili. Akafungua cha tatu.

"Baba Pacha, hebu njoo. Hapa macho yako wapi?"

Baba Pacha akajikuna shingo. "Huo niliumalizia mwenyewe ulipoondoka. Niliona vinundu vimebaki, nikavikata mpaka kwenye shina. Kwenye ubao wangu kinundu ni kasoro. Halafu nikapitisha msasa kidogo."

"Umepiga mzabibu msasa!"

Mama Pacha akaketi chini, kwenye udongo.

"Utapona?" Mama Pacha aliuliza.

"Sikudanganyi," Bibi Shamba alisema. "Shina la mzabibu lina macho mengine, yamejificha chini ya gamba. Yanaweza kuchipua. Lakini msimu huu usitegemee zabibu hapa. Mwagilia, ungoje. Na haya matawi mnayapeleka wapi?"

"Jikoni," Baba Pacha alisema kwa sauti ndogo. "Ni kuni."

"Kuni! Tafuteni ya mstari huu kabla hayajakauka. Chagueni yenye unene wa penseli. Kateni vipande vyenye macho matatu au manne. Vichomekeni kwenye udongo wenye mboji, upande wa juu ubaki juu. Shina likigoma, mbegu ya mama yako haijapotea."

Mama Pacha akainuka mara moja. Siku hiyo karakana haikufunguliwa.

Matone yakakoma. Baada ya muda, mizabibu myeusi ikachipua, na kwenye machipukizi kukaning'inia vichala vidogo kama punje za ulezi. Mama Pacha alipiga kelele mpaka mumewe akadhani ni nyoka. Bibi Shamba akawaonyesha kupunguza machipukizi yanayobanana, na kupuliza unga wa salfa kuzuia ukungu.

Mstari wa nyeupe ulibaki mkavu. Mama Pacha aliumwagilia vilevile. Asubuhi moja aliona kitu chekundu kimepasua gamba, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Akapiga magoti. Kwenye shina la pili kilikuwepo kingine. Mwaka huo mstari ule ulitoa majani tu, lakini ulikuwa hai. Vipando navyo vilishika, karibu vyote.

Wakati wa mavuno, zabibu nyeusi zilijaza kila beseni la nyumba. Nyingine waliuza. Nyingine walikamua juisi, nyingine wakapika jamu. Mama Pacha alitaka kukausha zilizobaki. "Hizi zina mbegu," Bibi Shamba alieleza. "Za kukausha, zilizo bora ni zile zisizo na mbegu. Nyeupe za mama yako zitafaa kuliwa hivihivi, bila kukaushwa."

Baba Pacha alisimama katikati ya mabeseni, mdomo umejaa, juisi imemchirizika kidevuni. Akakohoa.

"Mke wangu, vile vipando vya nyeupe... umeshapata pa kuvipanda?"

"Bado."

"Kuna lile eneo kando ya karakana nililolima nipande viazi. Tuvipande huko, viazi basi."

Mama Pacha akaweka kisu chini. "Umesemaje?"

"Umenisikia."

"Sijasikia. Hebu rudia, Baba Pacha. Dada, hebu sogea usikie na wewe!"

Bibi Shamba akasogea. Mapacha nao wakasogea. Baba Pacha akatazama nyuso nne zinazomngoja, akameza zabibu, akarudia.