Fundo Kwenye Leso ya Bibi

Haya, sogeeni karibu. Mwenye kamasi afute kwanza, maana hadithi hii ni ya leso.

Sekela aliishi Tukuyu, na mvua ya Tukuyu haina adabu. Inanyesha asubuhi. Inanyesha mchana. Chururu, chururu, juu ya bati.

Aliishi na Mama, na Babu, na Bibi.

Bibi alikuwa na leso saba. Leso zenyewe kongwe, kongwe kumshinda Mama. Bibi alizidarizi mwenyewe alipokuwa msichana. Kila leso ilikuwa na ua dogo pembeni.

Wala hazikufichwa kabatini. Leso za Bibi zilifanya kazi. Zilifuta pua ya Sekela. Zilifungia karanga za kwenda nazo shambani. Zilifuta jasho la Babu.

Jioni Bibi alizifua, akazianika juu ya jiko. Asubuhi alizinyoosha kwa pasi ya mkaa. Shii, shii. Moja aliitia mfukoni mwa Babu. Moja aliichomeka kiunoni mwake. Hapo ndipo siku ilipoanza.

Tena Bibi alikuwa na mtindo wake. Akitaka kukumbuka jambo, anapiga fundo kwenye pembe ya leso.

"Fundo la nini, Bibi?" Sekela aliuliza.

"La chumvi," Bibi alisema. "Bila fundo nasahau. Nikisahau chumvi, Babu yako atanuna mpaka kesho."

Chumvi ikinunuliwa, Bibi anafungua fundo. Kazi imekwisha. Leso inarudi kiunoni.

Siku moja Sekela alipoteza kifungo cha sweta. Kilikuwa kile cha juu kabisa, cha shingoni. Alikitafuta uani. Alikitafuta njiani. Hola. Baridi ikapata pa kuingilia.

Siku hiyohiyo Bibi alipiga fundo jipya.

"Fundo la nini, Bibi?"

"La kesho," Bibi alisema. "Kesho utaona."

Kesho ilifika. Bibi hakuamka vizuri. Kifua kilimbana. Watu wakambeba kwenye mvua, wakampeleka hospitali.

Bibi hakupona. Bibi alifariki.

Nyumba ikajaa watu. Watu wakalia, wakaimba, wakazika. Kisha watu wakaondoka. Mvua haikuondoka. Chururu, chururu, juu ya bati.

Sekela aliingia chumbani kwa Bibi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na hakuna mtu. Akaingiza mkono chini ya mto. Akaikuta leso.

Fundo bado lilikuwepo.

Sekela akawaza. Bibi alisema, bila fundo nasahau. Na sasa Bibi yuko mbali, kwenye udongo wa baridi. Fundo likifunguka, atasahau kila kitu. Atamsahau hata Sekela.

Sekela aliogopa sana. Akaisokomeza leso mfukoni. Akasema polepole:

"Fundo, fundo, kaa hivyohivyo.
Bibi asije akanisahau."

Siku zikapita. Asubuhi moja Mama alitoa beseni kubwa.

"Leo tunafua vitu vyote vya Bibi," Mama alisema. "Tukimaliza, ndugu watakuja kugawana."

Mama akahesabu leso. Moja, mbili, tatu. Nne, tano, sita. Akatazama chini ya beseni. Akatazama nyuma ya mlango.

"Ya saba iko wapi? Sekela, umeiona?"

"Sijaiona," Sekela alisema.

Ulikuwa uongo. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika fundo.

"Fundo, fundo, kaa hivyohivyo.
Bibi asije akanisahau."

Baridi nayo haikumhurumia. Iliingia palepale shingoni, pasipo na kifungo. Sekela akaanza kukohoa. Kho, kho. Akapiga chafya. Chaa. Kamasi hilo, mpaka mdomoni.

Leso anayo mfukoni, lakini hathubutu kuitoa. Akajifuta kwa mkono wa sweta.

"Jamani, Sekela," Mama alisema. "Futa kwa leso."

"Sina leso."

Huo ukawa uongo wa pili. Sekela alijisikia vibaya. Hakula vizuri siku ile.

Babu naye hali yake haikuwa nzuri. Chai ilipoa mbele yake. Alivaa koti, kisha akalivua. Hakwenda popote.

Kila asubuhi mkono wa Babu uliingia mfukoni. Kila asubuhi ulitoka mtupu. Pasi ya mkaa ilikaa pembeni, baridi, haina mtu. Leso sita zilikuwa kwenye mfuko, zinasubiri ndugu. Ile ya saba ilikuwa kwa Sekela, na Sekela alikuwa kimya.

Jioni moja Sekela alikwenda jikoni kuota moto. Akamkuta Babu. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Bibi.

Babu alikuwa analia.

Alijifuta kwa kiganja. Machozi yakaja mengine. Akajifuta kwa mkono wa shati. Yakaja mengine tena. Sekela hakuwahi kumwona Babu akilia, hata kaburini hakulia.

Sekela alitaka kuondoka. Miguu ikagoma. Mfukoni, vidole vyake vilishika fundo.

"Fundo, fundo," alianza. Hakumaliza.

Akaitoa leso.

"Babu, jifute na hii," alisema. "Lakini usifungue fundo. Nakuomba."

Babu aliitazama leso kwa muda mrefu. Akaligusa lile ua dogo pembeni. Kisha akafuta jicho hili, akafuta na lile.

"Kwa nini nisifungue?"

"Bibi atanisahau."

Basi yote yakamtoka Sekela. Mto. Leso. Uongo wa kwanza, uongo wa pili. Alilia huku anakohoa, anakohoa huku analia. Babu akampakata.

"Sekela," Babu alisema. "Bibi aliwahi kukufungia fundo wewe?"

Sekela akafikiri. Palikuwa na fundo la chumvi. Palikuwa na fundo la kiberiti. Palikuwa na fundo la dawa ya kuku.

"Hapana," alisema. "Mimi hajawahi."

"Na aliwahi kukusahau?"

"Hajawahi."

"Hata mimi," Babu alisema. "Miaka yote ile, hakunifungia fundo. Na kila asubuhi leso yangu niliikuta mfukoni."

Moto ukalia, ta, ta. Babu akalipapasa fundo.

"Lakini humu kuna kitu," alisema. "Kigumu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Tufungue? Amua wewe, uliyeitunza."

Sekela aliogopa bado. Akavuta kamasi. Akamtazama Babu, macho yake mekundu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Fundo lilikuwa limekaza. Babu alijaribu kwa kucha. Likakataa. Akajaribu kwa jino moja, lile zima. Pole, pole, pole. Likalegea.

Tk. Kitu kikamwangukia Sekela kiganjani.

Kilikuwa kifungo. Kifungo cha bluu, chenye matundu manne.

Sekela akajishika shingo, pale pasipo na kifungo.

"Bibi alikiona," alinong'ona.

"Alikiona," Babu alisema. "Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kesho."

Basi wakalia tena, wote wawili, kwa leso moja. Babu anafuta, anampa Sekela. Sekela anafuta, anampa Babu. Mwisho Sekela akapenga kamasi la siku zote zile. Pfuuu. Babu akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mama alisikia, akaja mlangoni.

"Mama, leso ya saba ninayo mimi," Sekela alisema. "Nilikudanganya. Mara mbili."

Mama aliiona leso. Akakiona na kifungo. Hakugomba. Alipiga magoti akamkumbatia Sekela, na yeye pia akaihitaji leso.

"Nitashona hicho kifungo," Mama alisema baadaye.

"Nitashona mimi," Babu alisema.

Jamani, Babu huyu hakuwahi kushika sindano maishani. Alitafuta tundu la sindano mpaka chai ikachemka. Alijichoma mara mbili. Kifungo kikakaa upandeupande.

Lakini kilishika. Sekela akakifunga mpaka juu. Baridi ikabaki nje.

Mama akafungua ule mfuko wa leso. Akatoa moja, akampa Babu.

"Ndugu watagawana tano," alisema. "Hii ni ya Babu. Hiyo ni ya Sekela. Lakini kwanza ifuliwe, maana mmeitenda."

Sekela akaifua mwenyewe. Akaianika juu ya jiko, pale Bibi alipokuwa akianika. Ilipokauka, wakati wa kulala ulikuwa umefika.

Sekela alipanda kitandani na leso yake. Akaikunja. Akaikunjua. Kisha akashika pembe moja, akapiga fundo. Fundo dogo, legevu kidogo.

Babu alikuja kumfunika. Akaliona.

"Fundo la nini, Sekela?"

"La kesho," Sekela alisema. "Kesho tuwashe pasi ya mkaa. Mama atapiga pasi, mimi nitakunja. Nikutie leso mfukoni."

Babu alimvutia blanketi mpaka kwenye kidevu, pale kwenye kifungo cha bluu.

"Haya," alisema. "Na mimi nitavaa koti, twende mpaka shambani."

Mvua ilikuwa bado inanyesha. Chururu, chururu, juu ya bati. Sekela akaiweka leso chini ya mto, akalala.