Sahihi za Gari la Maktaba

Kila Jumatano alasiri, Hazel Ackroyd alitoka shuleni moja kwa moja hadi mbele ya kanisa la kijiji cha Thornley Moss, mahali liliposimama gari la maktaba. Hazel alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Mkononi alibeba vitabu vitatu vya babu yake, Wilf, ambaye magoti yake yaliharibika katika mgodi wa makaa ya mawe na sasa hakuweza kufika mbali zaidi ya lango la bustani yake. Hazel alirudisha vitatu, akachukua vingine vitatu. Ndivyo walivyoishi, na Babu Wilf hakuwahi kulalamika juu ya magoti yake kadiri alivyolalamika juu ya kitabu kibaya.

Jumatano moja ya mwezi wa Mei, Bwana Dobson, msimamizi wa gari hilo, alimgongea mhuri vitabu vyake bila kutania kama kawaida yake.

"Kuna nini, Bwana Dobson?" Hazel aliuliza.

"Halmashauri ya kaunti inataka kuniondoa hapa. Wanasema wasomaji wa Thornley Moss ni wachache mno. Lakini baraza la kijiji likipeleka ombi lenye sahihi mia moja za wapiga kura wa hapa, watafikiri upya. Baraza linakutana Jumatatu."

"Nitazikusanya mimi," Hazel alisema.

Nyumbani, babu yake alisikiliza habari hiyo, akanywa chai yake hadi mwisho ndipo akasema, "Basi nisome polepole. Huenda hivi vikawa vya mwisho."

Hazel hakulala vizuri kwa maneno hayo. Alhamisi na Ijumaa alizunguka mitaa ya chini. Kila aliyemfungulia mlango alimwambia afute miguu kwanza, kisha akatia sahihi. Kufikia Jumamosi mchana alikuwa na sahihi sitini na moja. Zilizobaki zilikuwa mlimani, katika safu ya nyumba za juu, na huko aliishi Bi. Crabtree, ambaye watoto walimwogopa kuliko mbwa wake.

Mvua ikaanza. Hazel akakimbilia kwenye kibanda cha lango la makaburi ya kanisa, akakaa akitazama mawe yaliyoota kuvu. Yalikuwa na majina mazuri, ya watu wa Thornley Moss hasa. Alitoa kalamu mbili, nyeusi na bluu. Akaandika jina moja kwa mwandiko wa kulala, la pili kwa mwandiko wa kusimama. Mvua ilipokatika, karatasi yake ilikuwa na majina mia moja kamili.

Jumatatu saa kumi jioni aliipeleka kwenye ukumbi wa kijiji. Karani wa baraza, Bi. Edith Lumb, alikuwa akipanga viti vya mkutano. Alivaa miwani, akafungua daftari la wapiga kura, akaanza kulinganisha jina moja moja, akitia alama kwa penseli. Hazel hakujua kwamba majina hukaguliwa.

Penseli ikasimama.

"Herbert Lumb," karani alisoma. "Huyu umemkuta nyumbani?"

"Ndiyo, Bi. Lumb."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Nafurahi kusikia. Ni baba mkwe wangu. Mara ya mwisho kuonana naye tulikuwa tunamzika, na ilinyesha mvua kama ya juzi."

Hazel aliinama. Machozi yalidondoka sakafuni. "Sikutaka gari liondoke," alisema. "Babu hana kingine."

Bi. Lumb hakupaza sauti. Alichukua rula, akakata majina thelathini na tisa, moja baada ya jingine.

"Kaunti nao wana daftari kama hili," alisema. "Wakimkuta marehemu mmoja, wanaitupa karatasi yote, pamoja na hawa sitini na mmoja walio hai. Mkutano ni saa moja. Una miguu, na kule mlimani umefika?"

"Hapana."

"Basi unasubiri nini?"

Hazel alipanda mlima mbio. Aliamua kuanza na mlango aliouogopa zaidi. Bi. Crabtree alifungua huku mbwa akibweka nyuma yake.

"Kama unauza kitu, sinunui. Kama umevunja kitu, utalipa."

"Ni sahihi tu, Bi. Crabtree. Wanataka kuondoa gari la maktaba."

"Nini? Na mimi nimefika katikati ya kitabu changu! Kwa nini nasikia leo? Mitaa ya chini wamejua lini?"

"Alhamisi. Niliogopa kuja."

"Ulimwogopa mbwa?"

"Wewe."

Bi. Crabtree alimkazia macho, kisha akacheka hadi akashika mlango. Alivaa koti, wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba. Kwenye baa alimwacha Hazel nje, kwa kuwa watoto hawakuruhusiwa, akaingia na karatasi katikati ya mchezo wa vishale. Hazel alisikia sauti yake kutoka barabarani: "Weka glasi chini, Arnold, na andika jina lako lisomeke!"

Saa moja ilipogonga walikuwa na sahihi tisini na mbili.

Mwenyekiti wa baraza, Bwana Ormerod muuza nyama, alizihesabu mara mbili. "Kanuni inasema mia moja," alisema kwa huzuni. "Zimepungua nane."

Kabla ya shughuli nyingine, wananchi walipewa dakika kumi za kusema, na Hazel akasimama.

"Juzi zilikuwa mia moja," alisema. "Lakini thelathini na tisa nilizitoa makaburini. Hizi tisini na mbili ni za kweli. Samahani."

Mzee mmoja katika kiti cha nyuma alikohoa. "Mimi binti huyu aliponipitia nilikuwa kazini," alisema, akasogea hadi mbele ya meza kutia sahihi. Mama mmoja akasimama nyuma yake. Bila mtu yeyote kuwaambia, wakajipanga foleni, kila mmoja akimpisha mwenzake, hadi wakawa tisa.

"Mia moja na moja," Bwana Ormerod alitangaza. "Ombi limepokelewa."

Baada ya wiki tatu barua ya kaunti ilifika: gari litaendelea kuja. Babu Wilf alisema sasa anaweza kusoma kwa mwendo wake wa kawaida.

Bi. Lumb ndiye aliyeleta nakala ya barua hiyo nyumbani kwa kina Ackroyd.

"Hazel," alisema, "baraza letu halina askari wala nguvu yoyote. Lina neno letu tu. Tukisema watu mia moja, kaunti wanaamini ni mia moja. Siku wakiacha kuamini, hatutaokoa gari wala daraja wala shule. Uliogopa mlango mmoja ukachagua uongo, na mlango wenyewe ulikuwa wa mtu aliyelihitaji gari kama babu yako. Siku nyingine, bisha hodi kwanza."

"Nitabisha, Bi. Lumb."

"Vizuri. Sasa mwambie babu yako aweke birika jikoni. Nimetembea kutoka ukumbini."